Bomba likitoka mgongoni, mzigo aubebe nani?

Ilikuwa Februari, saa nne asubuhi, na jua la Bunda lilishaanza kuuma. Pamba ilikuwa imefika kiunoni na maua yake yalikuwa ya rangi mbili: yaliyochanua asubuhi hiyo meupe kama maziwa, ya jana yameshageuka waridi. Mama mmoja wa makamo alikuwa katikati ya mistari, bomba mgongoni, kanga kiunoni, miguu mitupu. Mfuniko wa bomba ulikuwa umelegea. Kila alipopiga hatua dawa ilimchuruzika mgongoni, ikapita kiunoni, ikateremka hadi kisiginoni. Binti yake, wa darasa la tano hivi, alikuwa akimletea maji kwa ndoo kutoka korongoni, maji yale yale ambayo jioni ng'ombe wangekwenda kuyanywa.

Nilimngoja amalize mstari.

"Shikamoo mama. Pole na kazi."

"Marahaba mwanangu, nimeshapoa."

Nikamuuliza kama hakuambiwa avae viatu na afunike pua. "Niliambiwa," akasema. "Bwana shamba alikuja akatuonyesha picha. Viatu vyenyewe sikupewa." Akachana kipande cha nailoni, akakizungusha kwenye mfuniko ili usivuje, kisha akanirudishia swali: "Na nisipopuliza, funza wakala vitumba, nani atanilipia?"

Sikuwa na jibu la kumpa pale shambani. Nimelitafuta tangu siku hiyo, na makala haya ndiyo jibu langu.

Nianze na msimamo wangu ili msomaji asinitafute. Naunga mkono kilimo hai cha pamba katika vijiji vya Bunda, Butiama na Musoma vinavyopakana na Ziwa Victoria, na vile vinavyopakana na Serengeti. Lakini nakataa kabisa kumwambia mkulima wa ekari mbili aache dawa kwa gharama yake mwenyewe, ili sisi wengine tule samaki safi na watalii wapige picha za ndege. Wanaopigia debe kilimo hai wakikwepa suala la nani alipe, wanamwongezea mama yule mzigo mwingine juu ya bomba alilonalo.

Wanaotetea dawa nao wana hoja, na tusiwakejeli. Zao hili ni tamu kwa wadudu kuliko karibu kila kitu tunachopanda. Funza wa vitumba hutoboa kitumba kikiwa kichanga, akala ndani, akahamia kingine. Vidukari hunyonya majani mpaka yajikunje. Kangambili, yule mwekundu anayetembea wawili wawili, hutoboa mbegu na kuacha doa kwenye nyuzi. Mwezi Juni, pamba inapochambuliwa juu ya kichanja, nyeupe huwekwa upande wa pamba safi na yenye doa upande wa pamba fifi, na hakuna mkulima asiyejua bei inavyoshuka kutoka fungu moja hadi jingine. Mtu aliyeona ekari yake ikigeuka fifi hawezi kusikiliza mhadhara wa vipepeo.

Isitoshe, dawa humfikia kwa urahisi kuliko msaada mwingine wowote. Chupa, zile tunazoziita ekapaki kwa kuwa moja imepimwa kwa ekari moja, huja kupitia chama cha msingi, AMCOS, kwa utaratibu unaokwenda pamoja na mbegu. Samadi haina lori. Hakuna anayekuja kijijini kumkopesha mtu mkokoteni wa samadi, wala anayemlipia kibarua wa palizi ya tatu.

Hata hivyo hesabu ya dawa haiishii kwenye mzani wa AMCOS. Mito ya Grumeti na Mbalageti hutoka Serengeti, ikapita Bunda na kumwaga maji katika Ghuba ya Speke. Kinachooshwa na mvua ya Machi kutoka kwenye mistari ya pamba hufuata mkondo huo huo. Watu wa Musoma wenye umri wangu wanakumbuka mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kuingia katika soko lake kwa sababu watu walikuwa wakivua kwa sumu. Walikuwa wakimwaga ziwani viuatilifu vilivyotengenezwa kwa ajili ya mashamba. Minofu ya Kenya, Uganda na Tanzania ikakosa soko, na aliyeumia kwanza ni mvuvi na mchuuzi, hata yule ambaye hajawahi kugusa chupa ya sumu maishani mwake. Moja ya dawa za pamba zilizotumika sana enzi hizo, endosalfani, iliingizwa mwaka 2011 katika orodha ya Mkataba wa Stockholm ya kemikali zinazotakiwa kuondolewa duniani. Nakumbuka nyumba nilizokulia, ambamo chupa tupu ya dawa ilioshwa, ikatiwa mafuta ya taa na kuning'inizwa kwenye msumari jikoni. Hakuna aliyetuambia kwamba tunacheza na kitu ambacho siku moja dunia nzima ingekikataa.

Basi kuna njia nyingine? Ipo, na haiko mbali. Ukitoka Bunda ukielekea kusini, ukaingia mkoa wa Simiyu, utafika Meatu. Huko, katika kijiji cha Mwamishali, kampuni ya bioRe imekuwa ikinunua pamba ya kilimo hai kutoka kwa wakulima wadogo tangu mwaka 1994, ikishirikiana na kampuni ya Remei ya Uswisi. Miaka thelathini si majaribio tena. Ukiwa shambani Meatu utaona mistari ya alizeti imepandwa katikati ya pamba. Wapita njia hudhani mkulima anatafuta mafuta ya kupikia. Anayapata kweli, ila alizeti ile ina kazi nyingine: inawavuta wadudu waharibifu watoke kwenye pamba, na inawaita nyigu na wadudu wengine wanaowala wale waharibifu. Pamba hupishana na choroko na dengu, ambazo hurudisha rutuba katika ardhi. Samadi inachukua nafasi ya mbolea ya dukani.

Wageni husifu alizeti. Mimi ninachokisifu zaidi ni mkataba. Mkulima wa Meatu ameahidiwa kununuliwa pamba yake, na juu ya bei ya soko anaongezewa asilimia 15. Hajaachwa apambane na funza, kisha tena apambane na soko. Ukiondoa ahadi hiyo ukabakiza alizeti peke yake, nina hakika mashamba yale yangerudi kwenye bomba ndani ya misimu miwili.

Tuipige hesabu kwa mfano. Mkulima wetu ana ekari mbili. Wastani wa pamba nchini kwa miaka mingi umekuwa kati ya kilo 200 na 300 kwa ekari, basi tumpe 300, apate kilo 600. Mwaka 2019 bei elekezi ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo: alitakiwa kupata 720,000. Mwaka uliofuata bei ikaporomoka hadi 810: akapata 486,000. Jembe ni lile lile, jasho ni lile lile, na shilingi 234,000 zimeyeyuka kwa sababu ya mambo yaliyotokea katika masoko ya nje ambayo yeye hata hayajui. Sasa mpe ile asilimia 15 ya kilimo hai juu ya bei ya 810. Inakuja shilingi 72,900. Ni fedha ya maana, ni sare na madaftari ya watoto. Lakini haifiki hata theluthi ya kile alichonyang'anywa na soko.

Tuendelee, maana hapa ndipo wengi hufunga daftari mapema. Kuhamia kilimo hai huchukua muda. Kwa kawaida shamba hukaa miaka miwili hadi mitatu bila dawa kabla pamba yake haijapewa cheti, na katika miaka hiyo mavuno hushuka kwa kuwa ardhi iliyochoka haijarudi na wadudu wema hawajarejea. Tuseme yanashuka kwa moja ya tano. Kilo 600 zinakuwa 480. Kwa bei ile ya 810, bila nyongeza yoyote, mkulima anapata 388,800, pungufu ya 97,200 kila mwaka. Ndiyo, hakununua dawa, na hiyo inampunguzia maumivu. Lakini analipa kwa jasho la palizi na kubeba samadi, na jasho hilo kwa sehemu kubwa ni la mwanamke. Katika kaya nyingi za kwetu mwanaume husimama kwenye mzani, mwanamke husimama kwenye magugu. Mpango wowote wa kilimo hai usiosema kibarua wa palizi atalipwa na nani, umeshaamua kimyakimya kwamba atalipa mama.

Ninachosema kuhusu miaka ya mwanzo hakitoki hewani. Jirani zetu wa Kenya wana mashamba ya majaribio Chuka na Thika ambako tangu mwaka 2007 kilimo hai na kilimo cha mbolea na dawa vimewekwa bega kwa bega, mwaka baada ya mwaka. Miaka ya kwanza kilimo hai kilichechemea, na ilichukua karibu miaka mitano kwa faida yake kusimama sawa au kupita, pale ambapo mazao yalipata bei ya juu. Majaribio kama hayo ya pamba yaliyofanyika India yalionyesha mwelekeo ule ule: kushuka mwanzoni, gharama ndogo, kisha kuinuka. Kwa tajiri miaka mitano ni uwekezaji. Kwa mtu anayeuza pamba ili anunue unga wa Januari, miaka mitano ni njaa tano.

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa kilimo hai wenzangu hawapendi kulisikia. Kitu kuwa cha asili hakukifanyi kuwa salama. Babu zetu wa kandokando ya ziwa waliujua mmea wa utupa kabla ya bwana shamba yeyote. Waliutwanga, wakautia kwenye madimbwi, samaki wakaelea. Leo utupa huo huo unatajwa miongoni mwa dawa za asili za kuua wadudu shambani, na kweli unawaua. Lakini ukioshwa mkononi mtoni utafanya mtoni kile ambacho umekuwa ukikifanya siku zote. Samadi nayo ni hivyo hivyo. Machi 2022 maji ya Mto Mara, kwenye eneo la Kirumi, yalibadilika rangi na samaki wakafa, na kamati iliyoundwa na Serikali ikaeleza kuwa chanzo kilikuwa kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Wapo ambao hawakuridhika na maelezo hayo, na mjadala ulikuwa mkali. Mimi nabaki na jambo moja lisilobishaniwa: mto hauangalii cheti cha kilichotiwa ndani yake. Kwa hiyo mtu akija Majita au Ukwaya na kuwaambia wakulima wachemshe chochote cha kijani na kunyunyiza karibu na maji, aulizwe maswali yale yale anayoulizwa muuza ekapaki.

Na upande wa pili, sayansi ya kisasa si adui. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, pale Misungwi, kiliwahi kuikomboa pamba yetu bila tone la sumu. Kulikuwa na mdudu mdogo wa kijani, jasidi, aliyenyonya majani mpaka mashamba yakaungua kama yamepigwa moto. Watafiti wakachagua mimea yenye vinyweleo vingi kwenye majani, wakaizalisha vizazi kwa vizazi. Jasidi akashindwa kukaa. Mpaka leo mbegu zenye jina la UK zina manyoya hayo, na mkulima anayezipanda anapata kinga asiyoilipia kila msimu. Ukitazama vizuri, hiyo ni kazi ya maabara iliyofanya kile ambacho kilimo hai kinakitamani. Vivyo hivyo na sheria ya kung'oa na kuchoma masalia ya pamba ifikapo 15 Septemba: haiuzwi kwenye chupa, lakini ikifuatwa na kijiji kizima, funza wa msimu ujao anakosa pa kujificha. Nimeona vijiji ambavyo maotea yamesimama mpaka Novemba, halafu watu wanalalamika kuwa dawa haina nguvu.

Wasomaji walioko Kyela wataniambia kuwa kakao yao imeshalijibu swali hili. Ni kweli kakao ina bahati ambayo pamba haina. Mkakao hupenda kivuli, unakaa chini ya migomba na miembe miaka mingi, kwa hiyo shamba lenyewe linakuwa kama msitu mdogo wenye ndege na nyuki. Huko Bolivia, katika bonde la Alto Beni, majaribio ya muda mrefu yameonyesha kwamba kakao iliyochanganywa na miti huzaa kakao pungufu kuliko iliyopandwa peke yake, lakini ukijumlisha ndizi na vingine, shamba la mchanganyiko linatoa chakula kingi zaidi. Pamba hailimwi kivulini. Inataka jua, na inang'olewa kila mwaka. Uhai wa shamba la pamba uko pembezoni: kwenye mistari ya alizeti, kwenye miti iliyoachwa mpakani, kwenye majani ya kando ya korongo ambayo hayakufyekwa mpaka ukingoni. Lakini hata Kyela somo la bei ni lile lile. Mwaka 2024 kakao ilipopita dola 10,000 kwa tani katika soko la dunia, mkulima wa kilimo hai na asiye wa kilimo hai walicheka pamoja. Bei ikianguka, watalia pamoja, isipokuwa mwenye mkataba.

Sasa nirudi nyumbani, kwenye suala la nani alipe. Watu wa Bunda wamekuwa wakilipia uhai wa wanyama kwa muda mrefu. Tembo hutoka hifadhini usiku na kumaliza mahindi na mtama wa mwaka mzima. Kata ya Nyatwali, kwenye ukingo wa Ghuba ya Speke, Serikali iliamua kuitwaa ili Serengeti ifike ziwani na wanyama wapate maji, na wakazi wake wakatakiwa kupisha kwa fidia. Magari ya watalii hupita lango la Ndabaka, kando ya mashamba ya pamba. Watu hawa hawana deni na dunia. Tukiwaomba waache dawa kwa ajili ya nyuki, ndege na maji ya ziwa, tunaomba huduma, na huduma hulipiwa.

Nchi ina karatasi zote zinazohitajika. Afrika Mashariki ilipitisha kiwango chake cha mazao ya kilimo hai mwaka 2007, na alama ya Kilimohai ikaanza kutumika. Novemba 2023 Serikali ilizindua mkakati wa taifa wa kilimo hai wa mwaka 2023 hadi 2030. Tuna Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kenya imeruhusu pamba ya vinasaba tangu mwishoni mwa 2019, sisi hatuilimi, na katika soko la pamba hai, ambalo halipokei mbegu za vinasaba, hilo ni sifa tunayoweza kuiuza. Kinachokosekana ni mtu wa kusimama kati ya mkulima na ile miaka ya mwanzo.

Butiama ina chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina la Mwalimu Julius Nyerere, mtu aliyetoka Ikulu mwaka 1985 na kurudi kushika jembe katika kijiji hicho hicho. Naomba chuo hicho kiwe na Chuka yake. Kitenge ekari chache, nusu kwa dawa na nusu kwa kilimo hai, kwa udongo wetu na mvua zetu, kiandike kilo, gharama, saa za palizi na idadi ya wadudu wema, na matokeo yabandikwe kwenye ubao wa kila AMCOS, kwa Kiswahili, mwaka baada ya mwaka. Hatutaki tena kubishana kwa kutumia mashamba ya India na Bolivia.

Na naziomba halmashauri za Bunda, Butiama na Musoma zisianze na mkoa mzima. Zichague vijiji vichache vya kando ya mito na ziwa. Zimtafute mnunuzi kabla ya kumtafuta mkulima. Mkataba useme mambo matatu kwa lugha ambayo mama yule ataisoma mwenyewe: bei ya chini ambayo haitashuka hata soko likianguka, malipo ya kufidia mavuno yatakayopungua katika miaka ya kuhamia, na fedha ya kibarua wa palizi, ilipwe kwa jina la anayepalilia. Fungu la fidia litoke pale ambapo faida ya ziwa na hifadhi inakusanywa, maana ndiko kunakonufaika. Na kwa vijiji vitakavyobaki na dawa, kila ekapaki inayotolewa kwa mkopo iambatane na viatu, glavu na kitambaa cha pua, na chupa tupu zirudishwe AMCOS.

Upandaji unaanza 15 Novemba. Mkataba huo usainiwe kabla lori la mbegu halijafika kijijini, kwa sababu likishafika, mama yule atakuwa ameshaandikisha ekapaki zake, na hatakuwa na kosa.